Ngoma ya Kuchimba Juu ya Saruji

Paukwa!

Pakawa. Katika nchi ya Katavi, pale Mto Katuma unapojikokota hadi Ziwa Katavi na kisha Ziwa Chada, maji hupungua kila kiangazi mpaka wanyama wote hujikuta wakigombea dimbwi moja. Ikifika Septemba viboko hulaliana migongo kwa mamia, tope limewafika mbavuni. Mamba huingia katika mapango yao kwenye kingo za mto wakangoja mvua, na nyati husimama mbali wakihesabu zamu. Hapo ndipo ilipozaliwa Halmashauri ya Bwawa, na kaulimbiu yake ikaandikwa kwa tope juu ya gogo: BWAWA MOJA, MKOROMO MMOJA.

Mwenyekiti alikuwa Kiboko Mzee. Hakupata kiti kwa hila. Viboko walikuwa wengi kuliko wote, wakapiga kura, wakamchagua kiboko. Hesabu ilikuwa safi. Korongo akawa Katibu kwa sababu ya mdomo wake mrefu wa kuandikia mihtasari. Fisi akapewa uafisa utamaduni, kwa kuwa alijua kucheka mbele ya wageni.

Mwaka huo Halmashauri iliazimia kuheshimu mila za kila mnyama, na Korongo akafungua daftari la kuziorodhesha. Nyegere akaandikisha asali na urafiki wake na yule ndege anayemwonyesha mizinga. Twiga akaandikisha kupigana kwa shingo. Muhanga, ambao walikuwa familia saba tu katika pori lote, wakaandikisha mambo mawili: kuchimba usiku, na kwenda mkwajuni kabla ya mvua za kwanza kuwataja kwa majina waliotangulia, pua zikiwa zimegusa udongo.

Korongo, ambaye alikuwa bado mgeni kazini, akamgeukia Mwenyekiti. "Na viboko, Mheshimiwa, niwaandike nini?"

Bwawa zima likatikisika kwa kicheko. "Sisi hatuna mila, kijana," alisema Kiboko Mzee akifuta machozi. "Sisi tunaishi tu."

Ikaandikwa hivyo. Tangu siku hiyo kukoroma kukawa lugha ya vikao, na kulowa majini mchana kutwa kukawa ndiyo saa za ofisi. Tope likawa vazi rasmi. Aliyefika bila tope aliombwa kwa upole arudi siku nyingine akiwa amevaa vizuri.

Nimkumbushe msomaji kwamba nasimulia wanyama, asije akatafuta kabila lake katika pembe za nyati. Kwa watu wa Katavi mambo ni tofauti kabisa. Mkwaju upo kweli, kando ya Ziwa Katavi. Wabende husema humo hukaa roho ya Katabi, mwindaji wa kale, na wanaotaka baraka zake huweka sadaka chini ya shina. Mwaka 1974 pori lile lilitangazwa hifadhi ya taifa, mwaka 1998 likapanuliwa hadi kilomita za mraba 4,471, na hifadhi ikachukua jina la roho huyo huyo. Mwaka 2012, mkoa mpya ulipomegwa kutoka Rukwa na Mpanda kuwa makao yake makuu, jina likapanda cheo tena: roho wa mwindaji sasa ana Mkuu wa Mkoa. Ni wachache duniani waliopata heshima ya namna hiyo, hasa mahali ambapo kuwinda ni kosa la jinai.

Turudi bwawani. Halmashauri ilipata habari kwamba wageni, yaani ndege wanaohamia kila mwaka kutoka Ulaya, wanaupenda sana mkwaju wa muhanga. Ukatoka waraka. Mkwaju umetangazwa Urithi wa Wote. Uzungushiwe uzio wa miiba. Uchimbaji ni marufuku, maana unaumiza mizizi. Kiingilio kilipwe getini. Pawekwe kibao kinachoeleza historia ya muhanga, nacho kiliandikwa na kiboko, kwa mkoromo sanifu. Mlango utafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi jioni kwa wanyama wote bila ubaguzi.

Babu Muhanga alikwenda ofisini akisinzia, kwa sababu mchana kwake ni usiku. "Shikamoo, Mheshimiwa. Sisi hatuoni vizuri kwenye jua. Tunaomba tuingie usiku mmoja tu kwa mwaka."

"Mzee wangu, sheria ni moja," alisema Kiboko Mzee. "Nikikupa wewe usiku, kesho bundi naye ataomba usiku."

"Bundi anao tayari."

"Unaona? Tayari anao! Upendeleo ndivyo unavyoanza."

Ili wasijione wameonewa, muhanga walipewa nafasi katika Sikukuu ya Mila. Wafadhili kutoka Ulaya walikuwa wamejenga jukwaa la saruji, imara na rahisi kufagia. Ratiba iliwapangia dakika tatu, saa saba mchana, baada ya twiga na kabla ya hotuba. Fisi akashika kipaza sauti: "Sasa tunawaletea ngoma ya kuchimba!" Muhanga saba wakapanda, macho yamefumbwa kwa mwanga, wakaanza kuchimba saruji. Kucha zikakwaruza. Ukucha mmoja wa Babu ukavunjika ukaruka hadi safu ya mbele. "Makofi kwa ndugu zetu!" Fisi akapaza. "Sasa wanachimba kisasa, hawachafui!" Wageni wakapiga picha, na mmoja akaomba ukucha ule uwe kumbukumbu.

Siku hiyo hiyo lilijadiliwa suala la minana. Hawa walikuja zamani kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wakikimbia moto, na Halmashauri, kwa moyo ambao lazima usifiwe, iliwapa miti. Wakasuka viota mamia kwa mamia kwenye matawi ya miti miwili mitatu, kama minana wanavyofanya, wakalima mtama wao na wakalipa ushuru wa punje. Yakazaliwa makinda ambayo hayakuwahi kuiona ng'ambo. Ndipo Mwenyekiti akatangaza habari njema: "Kuanzia leo ninyi si wageni tena. Ni wenyeji wa bwawa hili. Sharti ni moja, kila kiota kihamie mti wake, na kila mti uwe katika bonde lake."

"Kwa nini, Mheshimiwa?" aliuliza Mnana Mzee.

"Mkikaa pamoja mtaendelea kuwa minana."

"Na tukitawanyika?"

"Mtakuwa ndege."

Hapa tena nasisitiza kuwa ni wanyama. Binadamu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipokelewa na Tanzania katika makazi ya Katumba na Mishamo, ambayo leo yako Katavi, na Ulyankulu mkoani Tabora. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuwapa uraia takriban watu 162,000, ukarimu ambao nchi nyingi tajiri hazijawahi kuuota. Mpango wa awali uliambatanisha uraia huo na kuhama makazi yale na kusambazwa katika mikoa mbalimbali, ili wachangamane. Baadaye serikali ikalegeza, vyeti vikagawiwa kuanzia 2014, na watu wakabaki kwenye mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Wenyeji wa huku hawakushangaa sana, maana nchi hii imezoea kuhamishwa. Waingereza waliwakusanya watu kwa ajili ya ugonjwa wa malale, ndorobo wakaachiwa pori. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Uhifadhi nao ulidai sehemu yake. Kila mara sababu ilikuwa nzuri: afya, huduma, wanyamapori. Sijawahi kusikia mtu aliyehamishwa Katavi kwa sababu mbaya.

Sasa, Kiboko Mzee hakuwa mjinga wala katili, na hekaya inayomfanya mjinga ni hekaya ya uvivu. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na msingi. "Nimeyaona mabwawa mengine," aliwaambia siku ya kikao kikuu. "Kila mnyama alichora mpaka wa ukingo wake, akataja babu zake, akanoa meno. Maji yalibadilika rangi. Bwawa letu lina salama kwa sababu hatuulizani mtu ametoka ukingo gani. Mnataka tuanze?"

Wanyama wakanyamaza, kwa kuwa ilikuwa kweli. Ni kweli pia kwa nchi ambayo mwaka 1963 iliondoa utawala wa machifu, ikawapa watu wa makabila zaidi ya mia lugha moja ya kuombea kura na kutaniana, na ikaepuka mengi yaliyowakuta majirani. Aliyejibu alikuwa Mnana Mzee, mwenye haki kuliko wote ya kuogopa.

"Mheshimiwa, mimi nimetoka mahali ambapo ndege walihesabiwa kwa midomo yao. Nakuelewa. Lakini moto wa kwetu haukuwashwa na viota kukaa pamoja. Uliwashwa na ndege waliotaka msitu mzima uwe wa aina moja. Ninyi mna bwawa la wengi. Msiogope wingi huo hadi mfanane na kule nilikotoka."

Baada ya hapo akasimama Binti Muhanga, mjukuu wa Babu, akasoma barua aliyoiandika usiku, kwa vile usiku ndio mchana wake. Ilikuwa fupi: "Sisi muhanga ni wachache, lakini uchache si ugeni. Tunaomba mahali petu pa kuheshimu waliotangulia, wakati wetu, na sauti yetu katika maamuzi yanayotuhusu. Hatuombi tutawale bwawa, wala hatuombi kujitenga nalo. Hatuombi kwa sababu tunawafaa wengine, bali kwa sababu tupo."

Ngiri hakuweza kujizuia. "Wanatufaa sana!" alifoka kwa nia njema. "Mimi nalala katika shimo walilochimba muhanga. Nungunungu vivyo hivyo, chatu vivyo hivyo. Muhanga wakikoma kuchimba, nusu ya pori litalala nje!"

Viboko wakatazamana. Hoja hiyo waliielewa. Korongo akaanza kuandika: *Muhanga ni rasilimali muhimu ya makazi.* Mambo yalikuwa yanaelekea kuwa mazuri, hadi Binti akayaharibu.

"Asante, mjomba Ngiri. Lakini siku utakapojifunza kuchimba mwenyewe, nani atanitetea? Mtazameni kakakuona, amejikunja pale nyuma. Hajengei mtu nyumba, haleti asali, wageni hawamwoni. Kama haki ni malipo ya faida, yeye ana haki gani?"

Kakakuona akajikunja zaidi. Hakuzoea kutajwa mkutanoni.

Fisi, ambaye hupenda kunusa penye kidonda, akainua mkono. "Mheshimiwa, tumuulize binti swali dogo. Huko mkwajuni, wewe msichana unaruhusiwa kutaja majina?"

Kimya kikaanguka. Babu akatazama kucha zake.

"Hapana," alisema Binti. "Wanaotaja ni madume. Sisi tunachimba na kunyamaza."

"Ahaa!" Mwenyekiti akainuka, maji yakimtiririka mgongoni. "Mila kandamizi! Basi Halmashauri ina wajibu wa kumlinda binti huyu. Mkwaju utabaki mikononi mwetu."

"Mheshimiwa," alisema Binti, "ugomvi wangu na Babu ni wa kweli, sitauficha ili mtupende. Lakini ugomvi wa ndani ya nyumba haumpi jirani hati ya nyumba. Ukitaka kunilinda, hakikisha hakuna anayenipiga ninaposema, na hakuna anayenizuia nikitaka kuondoka. Ila mti usiuchukue. Chini ya mti huo ndipo ninapotaka kusema. Na kwa kuwa tumeligusa jambo hili, naomba Katibu atusomee: katika Halmashauri kuna viboko majike wangapi?"

Korongo akafunua muhtasari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akafunua mpaka wa mwaka wa kuanzishwa. Kisha akafunga daftari, akasema wino umemwishia.

Babu Muhanga akasimama kwa shida. "Mjukuu wangu ametaja mbele ya viboko mambo ambayo sikutaka yatajwe," alisema. "Lakini amesimama mbele yao akasema, na mimi nilikubali kucheza juu ya saruji. Mwaka huu, mti tukiupata, majina atayataja yeye." Familia mbili kati ya saba zikaondoka kwa hasira. Babu hakuziita zirudi, wala hakuzitukana.

Wakati huo Kobe akaingia, vumbi limemjaa gambani. Alikuwa ametoka Arusha Mei 2017 na habari za haraka.

"Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imetoa hukumu," alitangaza akihema. "Waogiek wa Msitu wa Mau, Kenya, watu wa asali na uwindaji, waliambiwa waondoke ili msitu uhifadhiwe. Mahakama imesema haki zao za ardhi, za ibada na za utamaduni zimevunjwa, na kwamba kisingizio cha uhifadhi hakikuthibitishwa, maana hao walioondolewa hawakuonekana kuwa ndio waliouharibu msitu. Njiani nimepitwa na amri ya pili, ya mwaka 2022, ya kuwalipa fidia na kuwarudishia ardhi yao."

Nyegere, aliposikia asali, akainua masikio.

"Hayo ni mambo ya Kenya," alisema Kiboko Mzee.

"Mahakama iko Arusha," alisema Kobe. "Na Mkataba wa Afrika wa mwaka 1981 iliousimamia tumeuweka sahihi sisi pia. Mwaka 2007, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Tamko la Haki za Watu wa Asili, mkono wa Tanzania ulikuwa juu pamoja na walioafiki. Wa Kenya haukuwa juu wala chini."

"Watu wa asili!" Mwenyekiti akapumua kwa nafuu. "Hapa kwetu sote ni wa asili. Kwa hiyo tamko tumelitekeleza kikamilifu."

Wajumbe wakapiga makofi. Mwenyekiti akaona upepo umegeuka, akasema sasa ni demokrasia, wapige kura. Kobe akaomba neno la mwisho, akamgeukia mamba aliyekuwa amelala kwenye mlango wa pango lake.

"Ndugu Mamba, pango lako lilipigiwa kura lini?"

Mamba akafumbua jicho moja. "Halikupigiwa."

"Na wewe, Mheshimiwa, mkoromo wako?"

Kiboko Mzee alikasirika kwa dhati. "Mkoromo wangu? Mkoromo ni pumzi yangu! Nani apige kura juu ya pumzi yangu?"

"Niliuliza tu," alisema Kobe.

Kura zikapigwa hata hivyo. Viboko wote wakaafiki waraka, na familia tano za muhanga zikaupinga, kwa kuwa mbili zilikuwa zimeondoka. Ngiri hakupiga, alikuwa anafikiri. Ni kazi mpya kwake na ilimchosha. Hata hivyo Halmashauri haikutaka kuonekana haina moyo. Ikaunda Kamati ya Kushughulikia Suala la Usiku wa Muhanga, yenye viboko tisa na muhanga mmoja, ikapangiwa kukutana kila Jumanne saa sita mchana, majini.

Kamati ilikutana mara nyingi. Muhanga mjumbe alizama mara mbili, na muhtasari ukamwandika kuwa hakuchangia hoja.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Upande wa juu wa mto wakulima walikuwa wamekinga maji ya Katuma kwenda kwenye mashamba ya mpunga, jambo ambalo kwa bahati mbaya halikutokea katika hekaya peke yake. Dimbwi likawa tope, tope likawa ganda, na viboko wakaanza safari ya usiku wakifuata mkondo mkavu hadi Mto Kavuu, wakashuka nao mpaka Ziwa Rukwa. Huko mamba ndio wengi. Walipokelewa vizuri. Mamba wakawaonyesha mahali pa kukaa, wakawapa nakala ya kanuni, na juu ya gogo la kuingilia kulikuwa na maandishi mapya, yamekwaruzwa kwa meno: ZIWA MOJA, KIMYA KIMOJA.

"Tunaheshimu sana mila yenu ya kukoroma," alieleza Mamba Mwenyekiti. "Inavutia. Tumewatengea dakika tatu katika sikukuu."

Kiboko Mzee aliinama chini ya maji kwa muda mrefu. Kisha akamtuma Korongo arudi Katavi, amwombe Binti Muhanga nakala ya ile barua.

Wazee wa muhanga walicheka hadi mchwa wakawatoka midomoni. Wengine wakasema asipewe, aonje alichowaonjesha. Mmoja akashauri apewe kwa kubadilishana na ufunguo wa geti la mkwaju. Binti akasema ufunguo ataudai kwa njia nyingine, na ataudai mpaka aupate, lakini barua haiuzwi. Akakaa chini usiku ule akainakili kwa mwandiko safi. Alipofika penye neno *muhanga* akaandika *viboko*, na *bwawa* akalifanya *ziwa*. Akaisoma tena kuanzia juu hadi chini akitafuta kingine cha kubadilisha. Hakikuwapo.